Ahadi Ambayo Mungu Hakuitoa

Misigiri, Alhamisi mchana

Rehema mwanangu,

Mmetoka sasa hivi wewe na bibi kwenda kuaga majirani, na ninavyomjua bibi yako hamtarudi upesi. Kila nyumba lazima akaribishwe kiti, aulizwe habari za magoti, naye ayaeleze yote mawili, moja moja. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Kwa mdomo haya mambo yananishinda. Nikianza tu nalia, na wewe ukiniona nalia unakimbilia kunipikia chai, basi mazungumzo yanaishia kwenye chai.

Mambo ya shuka, ya sabuni, ya kutokula vitu vya njiani, bibi amekwambia tangu juzi na ataendelea kukwambia mpaka basi litakapoondoka. Mimi siyagusi. Nataka kukuandikia jambo moja tu. Limenikaa kifuani tangu ulipokuwa kidato cha pili, na jana ulilitoa wewe mwenyewe, wala sidhani kama ulijua umelitoa. Leo nimeamka mwepesi. Nimefagia uwanja wetu, nikaunganisha na wa jirani, mpaka mama Joeli akatoka kuniuliza kama kuna harusi na yeye hajaambiwa.

Unalijua jambo lenyewe. Ile Jumapili ya likizo, mimi nimeshavaa, nakungoja mlangoni, wewe umejifunika shuka. Ukasema, "Nenda tu, mama. Nisalimie Mungu wako." Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtu anayetuma salamu kwa shangazi aliyeko Singida mjini. Na Jumapili iliyofuata, hivyo hivyo. Na likizo nyingine, hivyo hivyo. Nikawa nakwenda kanisani peke yangu, nakaa upande wa akina mama, naimba na wenzangu, na ndani nasema: huyu mtoto nimemharibu mimi. Niliogopa kwamba utaondoka hapa nyumbani, uishi maisha yako yote huna Mungu wa kumwegemea, na kosa si lako wala si la Mungu, ni langu. Watu walidhani nawaza ada. Sikuwa nawaza ada.

Wacha nianze mbali kidogo, maana mengine unayakumbuka nusu, na hiyo nusu bibi ameitia chumvi.

Nilikuzaa nikiwa mtoto. Wenzangu walibaki darasani, mimi nikarudi nyumbani na mimba, shule ikaishia pale. Baba yako hakunikimbia, hilo simnyang'anyi. Alikuja kwetu na wazee wake, wakakaa, wakaongea, na ndoa tulifunga kanisani wewe ukiwa unatambaa kwenye mikeka ya watu. Alikuwa mtu wa kucheka. Hicho kicheko chako kinachoanzia puani umekitoa kwake, usikione kibaya. Kisha ikaja miaka ya kuvuna mabua. Wewe ulikuwa na miaka sita. Akasema anakwenda machimboni, akirudi tunaezeka bati. Mwanzoni alipiga simu. Baadaye ikawa inapokelewa na yule dada anayesema haipatikani, na wewe ukawa unamsalimia, "Shikamoo, naomba baba."

Kila jioni uliniuliza, "Baba anakuja lini?" Nami sikuwa na jibu, na nilichoka kukosa jibu. Siku moja tumetoka shambani kupanda kwenye vumbi, nakunawisha miguu, ukauliza tena. Nikakwambia, "Mungu ameahidi. Mbegu zikiota, baba anarudi."

Rehema, hakuna aliyenituma kusema vile. Sikuota ndoto wala sikusikia sauti. Yalinitoka kwa sababu yalikuwa matamu, na jina la Mungu niliyawekea juu kama kifuniko, ili uache kuuliza. Ukaacha kweli. Ulilala ukitabasamu, na mimi nikajiona nimefanya jambo jema.

Huko chuoni Morogoro utakapowaeleza habari za kupanda kwenye vumbi watakucheka, maana wao wana mvua nyingi. Sisi mvua yetu ni fupi. Ukisema ungoje inyeshe ndipo uchukue jembe, umeshachelewa. Kwa hiyo unafukia mbegu kwenye udongo mkavu unaopeperuka, unarudi nyumbani, unakaa. Kuna watu wanaoweza kukaa, kama bibi yako. Anafukia, anajikung'uta khanga, anasema "haya," anakwenda kulala. Mimi nilikuwa siwezi. Kila asubuhi nilisingizia kuni, nikaenda kupiga magoti shambani na kuchimba kwa kidole, nione kama mchwa hawajazimaliza. Nikiiona mbegu, nafukia. Kesho tena. Na wewe nyuma yangu, na kile kigauni chako cha kijani, unaniangalia.

Basi siku hiyo nimerudi kisimani, bibi amekaa kivulini anapeta, tukakuona unatoka shambani mbio, gauni umelikunja mbele limejaa. Uso vumbi tupu, umebaki macho na meno.

"Mama! Mama, usiogope tena! Zipo! Nimezitoa zote uzione!"

Ukamwaga pale mbele yetu. Mtama, kunde, mbegu za maboga, na kokoto. Ulikuwa umefuata mistari tangu asubuhi, shimo kwa shimo, kama mtu aliyelipwa. Bibi yako alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Alisema hajaona mkulima hodari namna hii tangu azaliwe. Mimi ndiye niliyeshika kichwa.

"Rehema, umefanya nini?"

"Nilikuwa naangalia kama baba ameshaanza kuja."

Bibi akaokota ungo. "Ameshaanza kuja wapi?"

"Mbegu zikiota anakuja. Mungu ameahidi. Mama kasema."

Hakuniuliza kitu mbele yako. Alikutuma ukafukuze kuku waliokuwa tayari wanajikaribisha kwenye ile mbegu. Ulipofika mbali ndipo akaniambia, taratibu tu, "Mama Rehema, alikwambia saa ngapi?"

Nikaanza kuokota mbegu.

"Nakuuliza vizuri. Huyo mwanaume mimi ndiye niliyemzaa. Kama Mungu amesema anarudi lini, na mimi ningependa kujua."

"Mama, nilitaka tu mtoto alale."

"Usimsingizie Mungu," akasema. "Mtu ukimsingizia atakuja kujitetea. Mungu hatakuja hapa kujitetea kwa mtoto wa miaka sita. Atanyamaza, na mtoto atadhani aliyedanganya ni Yeye."

Ningekuita siku ile ile. Ningekwambia, mwanangu, yale maneno yalikuwa ya mama. Nilijiambia kesho. Mwaka ule tulirudishia mbegu zote kwa pamoja kwa sababu hatukuwa na muda wa kuchambua, na shamba likaota vururu, kunde zimepanda kwenye mtama, maboga yanatembea mpaka njiani. Mzee mmoja akapita na baiskeli, akasimama kabisa. "Hili shamba limepandwa na kuku?" Bibi akamjibu, akikuonyesha wewe, "Limepandwa na mke mwenzangu. Una neno?" Hiyo nusu ndiyo mnayoipenda nyinyi wawili, mnaisimulia mpaka leo. Nusu nyingine ni kwamba mbegu zilipoota, ulibeba kigoda ukaenda kukaa kando ya barabara.

Ulikaa pale asubuhi, ukala pale, ukasinzia pale. Jioni nikakufuata. Ukaniuliza, "Labda Mungu amesahau kwetu ni wapi?" Nami badala ya kusema kweli nikasema, "Bado, mwanangu. Mtama ukichanua." Ukachanua. Nikasema, tukivuna. Nikawa nampangia Mungu siku ambazo yeye hakuzipanga, kisha namkasirikia kwa siri kwa sababu hazitimizi. Unaona ujinga wangu? Nilikuwa naomba kwa machozi kabisa, nasema, Bwana, uliahidi. Na aliyeahidi ni mimi.

Baada ya mavuno akapita kijana aliyetoka machimboni, akasalimia, akanywa maji. Akamwambia bibi, "Mwanao hajambo. Yuko na mkewe kule, wamepata mtoto." Alisema kwa wema, akidhani tunajua.

Siku hiyo nilifunga vitu vyetu kwenye khanga, nikakuvika viatu. Niliona hapa si kwangu tena. Nyumba ya mama wa mtu aliyeniacha, nakaa kama nani? Nikaliweka furushi mlangoni, nikaingia kuchukua sufuria moja iliyokuwa yangu. Kutoka, namkuta bibi yako amelikalia.

"Mama, naomba furushi langu."

"Silioni."

"Umelikalia, mama."

"Basi niache nipumzike, magoti yananiuma."

Nikasimama. Yeye amekaa, anatazama ng'ombe wanavyorudi, kama hakuna kitu. Mimi na sufuria mkononi. Nilidhani atachoka, hakuchoka. Mwisho akasema, "Aliyeondoka ni mwanangu. Wewe umeondoka? Mke mwenzangu ameondoka? Hamjaondoka. Haya, kawashe moto, njaa inauma."

Nikaenda kuwasha moto. Nilikuwa napuliza huku nalia, na moshi ukanisaidia kuficha. Pale jikoni ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nimefundishwa kipaimara, nikakijibu, nikapasi, lakini sikuwa nimekielewa. Mungu hakuniahidi kwamba mume wangu atarudi. Aliniahidi kwamba hataniacha. Na wakati mimi nagombana naye kwa ile ya kwanza, hii ya pili alikuwa anaitimiza mbele ya macho yangu, kila siku, kwa mikono ya mama wa mtu yule yule aliyeniacha. Sikuiona kwa sababu nilikuwa naangalia barabarani.

Nisikufiche, haikuniondolea maumivu. Niliumia muda mrefu. Lakini niliumia nikiwa nimekaa mahali, si kama mtu anayeanguka.

Na bado sikukwambia. Hilo ndilo linalonishangaza mimi mwenyewe. Nilikwambia baba amebanwa na kazi. Ukaja kuyasikia shuleni, kwa watoto wa watu, tena kwa kejeli. Ukarudi nyumbani, hukulia, hukuuliza. Ukaanza tu kumtumia Mungu wangu salamu.

Nilijaribu kurekebisha kwa njia za kijinga. Nilimwita mwinjilisti aje aongee na wewe, unakumbuka? Ukakaa kwa adabu, ukajibu kila swali sawasawa, mpaka maskini akaanza kutoa jasho. Halafu ukasema, "Mwinjilisti, chai yako inapoa." Bibi alitoka nje asionekane akicheka. Mimi nilijua nimeshindwa.

Kisha yakaja matokeo yako ya kidato cha nne. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, wewe hukuwemo, ukaja ukakaa hapa hapa nilipokaa mimi sasa. Ukaniuliza, "Mama, nitapata nafasi mwakani?" Rehema, ulimi ulikuwa tayari. Ulikuwa umeshafika kwenye meno: Mungu ameahidi. Nikauuma. Nikasema, "Sijui, mwanangu. Kweli sijui. Twende tukale." Usiku kucha nilijilaumu, nikasema, mama gani huyu, mtoto anaomba neno moja la kumtia nguvu, anamwambia sijui.

Basi, jana. Tunanyonyoa kuku wa safari, maji ya moto, manyoya yametuganda mpaka viwikoni, ukaniita kama unataka kuuliza kisu kiko wapi.

"Mama. Hivi wewe unadhani mimi simwamini Mungu?"

Nilinyonyoa sehemu moja mpaka ngozi ikachanika.

"Mbona nasali," ukasema. "Sijawahi kuacha. Kule bweni nilikuwa nasali kila siku."

"Sasa mbona hukusema?"

"Kwa sababu ungefurahi. Na mimi nilitaka usifurahi."

Hivyo tu, huku unavuta manyoya ya bawa! Kisha ukasema, "Mungu sikumkasirikia. Yeye sikumsikia akisema baba atarudi. Niliyemsikia ni wewe. Nilikukasirikia wewe."

"Na sasa?"

"Sasa basi. Ile siku ya majina uliposema hujui, nilikaa nikawaza, kumbe mama anaweza kusema hajui. Tangu hapo ukisema kitu cha Mungu nakusikiliza."

Ndipo nikaanza kucheka. Wewe ukadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa na kicheko kilichokaa ndani miaka, kikatoka chote, na wewe ukaanza na kile kicheko cha puani, mpaka bibi akapiga kelele kutoka uani, "Mnacheka nini na huyo kuku bado ana koti?"

Labda ulidhani nacheka maneno yako. Nilikuwa nacheka kwa kupona. Miaka yote hiyo nimebeba mzigo wa imani yako kichwani nikidhani nimeuangusha na kuuvunja, na kumbe haukuwa kichwani kwangu kabisa. Mungu alikuwa na wewe kule bweni, kwenye blanketi lako, wala hakuja kuniambia, kama vile wewe usivyoniambia. Mlinifanyia njama. Mimi nililala hapa nikiomba asikuache, na yeye hakuwa amekuacha hata siku moja. Nilivyompasua masikio! Jana nimelala kama mtoto.

Basi nikuombe radhi kwa maandishi, ili siku ukitaka uisome tena: yale ya mbegu na baba yalikuwa maneno yangu. Nilikudanganya kwa jina lake. Nisamehe, mama yangu.

Unakokwenda utakutana na watu wengi watakaokuahidi mambo kwa jina la Mungu. Wengine watakuwa na vipaza sauti. Watakwambia ameahidi utafaulu mitihani yote, ameahidi mchumba mwaka huu huu, ameahidi hutaugua. Usibishane nao, wewe una mdomo mkali. Waulize tu, kimoyomoyo, lile swali la bibi: alikwambia saa ngapi? Na mimi pia niulize, nikirudia.

Kwa hiyo ninayokupa ni machache. Kama utamaliza chuo cha mifugo ukarudi hapa kutibu ng'ombe wa watu, sijui. Nataka, lakini sijui. Mwaka huu tumeshapanda na mpaka leo mbingu ni nyeupe. Itanyesha lini, sijui. Kama baba yako siku moja atasimama pale njiani na nywele za mvi, sijui, na ukimwona kabla yangu msalimie, ni baba yako. Hayo yote hakuyasema. Aliyosema ni kwamba hatakuacha. Kwamba ukikosea ukamrudia atakupokea, hata ukirudi na vumbi usoni. Kwamba hata kaburi halitamzuia kukufikia. Hayo nimeyaegemea kwa uzito wangu wote, Rehema, siku ambazo sikuwa na kingine cha kuegemea, na niko hapa naandika. Ukiona moyo umekauka na husikii kitu, usijilazimishe kusikia. Ahadi ni yake, si ya moyo wako. Kula, oga, nenda darasani. Wengine tunaendelea kukuombea hata ukichoka.

Nasikia kicheko chenu kwa mama Joeli, basi mnakaribia. Naimalizia haraka.

Kesho asubuhi utasimama mlangoni na mizigo, na mila ya hapa kwetu unaijua: anayesafiri anawekewa mkono kichwani na kuombewa. Na mimi unavyonijua, mwaka jana ulipokwenda Singida mjini tu nilimwagiza Mungu dereva, nikamwagiza breki, nikamwagiza wezi wa stendi, mpaka basi likapiga honi. Kesho sitamwagiza kitu. Nitaweka mkono kichwani kwako, nitasema asante, basi. Kisha nitauondoa, na wewe nenda.

Mama yako